Somo na Watoto wa Bandia

Neno bandia lilimkera Somo kuliko tusi. Watu wa Unguja humwita mwanasesere mtoto wa bandia, na hakuna anayekusudia ubaya. Lakini mtu akipanda ngazi za nyumba yake kule Kiponda, akafika juu anahema, akasema, "Nimekuja kutazama watoto wako wa bandia," Somo alimjibu palepale, kabla hata ya kumkaribisha kahawa: "Bandia ni noti. Hawa ni wanasesere." Na bado sisi tuliofanya kazi naye tulimsikia, alipodhani yuko peke yake, akiwaita "bandia zangu," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala.

Tulimwita Somo kama wari wanavyomwita mwanamke anayewafunda, ingawa yeye hakutufunda mambo ya unyumba. Alitufunda kazi ya mikono. Mimi nilikuwa mshonaji wa kofia za viua kutoka Bububu, jicho langu limezoea vitundu vyake vidogo, akanichukua niwashonee nguo wanasesere wake. Mwenzangu alikuwa Pili, binti wa Mwanakwerekwe, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara na baba yake alikuwa seremala. Pili alifanya nyuso. Wengine walikuja wakaondoka, hawakuiweza hali yake. Sisi wawili tulibaki.

Wanasesere wa Somo hawakuwa wa kuchezea. Walikuwa viumbe wa ajabu ambao hakuna bibi aliyewahi kuwahadithia. Kulikuwa na Bibi Chumvi, mweupe kama aliyetoka baharini akakauka papo hapo. Kulikuwa na Mwanachokaa, mtoto aliyezaliwa na ukuta, mabega yake yakimenyeka kama kuta zetu za Mji Mkongwe zinavyomenyeka wakati wa masika. Uso ulitengenezwa kwa karatasi zilizolowekwa katika uji wa muhogo, mwili kwa kitambaa cha marekani kilichojazwa sufi, nywele kwa usumba wa nazi. Wageni wanaokusanya vitu vya namna hiyo walikuja kutoka mbali kuwatafuta, wakawapeleka kwao kuwaweka katika makabati ya vioo. Somo aliposikia habari ya makabati alinuna. "Hata mimi nikifa nitazikwa," alisema. "Sitawekwa kabatini."

Siwezi kusema alikuwa mtu mwepesi kupendeka. Sindano akizihesabu asubuhi na jioni kama vile ni za dhahabu, lakini chakula cha mchana hakuna aliyeingia nyumba ile akatoka bila kula, hata mtu aliyeleta maji. Alikuwa akivaa kanga zilizopauka mpaka maneno yake hayasomeki, na mwanasesere wa shibiri mbili akimvalisha hariri. Picha hakuruhusu ipigwe. Mgeni akitoa simu mfukoni, Somo alisimama kati yake na rafu, akatandaza mtandio wake kama anayemsitiri mtu anayeoga.

Kufundisha kwake kulikuwa kutazama tu. Siku zangu za mwanzo nilimuuliza kwa nini uzi wa shingo hupitishwa mara mbili. Hakuinua kichwa.

"Macho yako yako wapi?"

"Haya hapa, Somo."

"Basi tazama. Mdomo hauwezi kushona."

Tangu siku hiyo sikuuliza tena, wala Pili hakuuliza. Tulitazama.

Juu ya kuiga alikuwa mkali kupita kiasi. Mgeni mmoja mwanamke, mtu mzima, mnunuzi wake wa miaka mingi, alimletea picha aliyoikata gazetini: msichana mwenye mabawa ya kipepeo, ameketi juu ya uyoga. Akaomba atengenezewe vile vile. Somo aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaitazama kwa adabu, akairudisha.

"Mwambie," aliniambia mimi niliyekuwa nikifasiri, "huyu ana mama yake. Kwa nini mimi nimzae tena?"

Yule mgeni akacheka. Somo hakucheka. Alimmiminia kahawa, akamkatia haluwa, akamsindikiza mpaka chini kwa heshima zote, na picha yake mkononi.

Kwa hiyo mtu angedhani anajiona yeye ndiye chanzo cha kila kitu. La. Mtaani walikuwepo waliosema kwamba kazi yake ni ya haramu, kwamba anashindana na Mola. Maneno hayo yalimuuma, maana alikuwa mtu wa sala. Mwishowe alimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, mzee mpole, akamuuliza. Mwalimu hakumkataza, ila alimwambia abakishe upungufu, asiwakamilishe. Somo akachagua masikio. Hakuna mwanasesere wake hata mmoja aliyekuwa na masikio. Wageni walidhani ni mtindo wake, wakausifu sana. Sisi tulidhani hivyo hivyo. Sababu niliijua baadaye sana, siku moja tulipokuwa wawili tu, tukingoja uji wa muhogo upoe.

"Kiumbe ni yule anayeitwa akaitika naam," alisema. "Hawa sitaki waitwe. Mimi nnaunda. Kuumba kuna Mwenyewe, na jina lake moja ni Al-Badii, aliyeanzisha bila ya kuiga. Sisi sote tuliobaki tunanakili."

"Na hao wanaokunakili wewe, Somo?"

Akanitazama kama niliyemwaga kitu. "Hao ni wezi," alisema.

Nilishindwa kuyaunganisha maneno hayo mawili. Nadhani na yeye alishindwa, na ndiyo maana akanyanyuka kwenda kukoroga uji uliokwisha kupoa.

Aliyemletea jina kubwa alikuwa Malkia wa Mchwa. Nyumba ile ilikuwa ya zamani, boriti zake zimeliwa, na kila asubuhi tulikuta unga mwekundu juu ya meza. Sisi tukiufagia na kulalamika. Siku moja Somo alinishika mkono nisifagie. Akaukusanya ule unga kwa kadi ya mwaliko wa harusi, akauchanganya na uji, akafinyanga uso. Ukatoka na rangi ambayo hakuna duka linaiuza, rangi ya kitu kilichotafunwa mpaka kikawa laini. Taji lake alilichonga kwa kibanzi cha boriti ile ile. Mimi nilimshonea joho refu la vipande vidogo vidogo vya shashi, kila kipande umbo la bawa la kumbikumbi. Tulipomsimamisha dirishani, Pili alijifunika mdomo. Alikuwa malkia mwenye huzuni, anayejua kwamba kila anachokikalia atakila.

Baada ya Malkia, wageni walianza kungojea zamu. Somo alituambia tusivimbe vichwa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini yeye mwenyewe alianza kwenda taratibu zaidi, na kukasirika haraka zaidi. Kila kitu kipya alichokiona mjini alikipima: kimetoka kwangu, hakikutoka kwangu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la Pili.

Pili alikuwa ameanza kufanya mwanasesere wake mwenyewe, nyumbani kwao, baada ya kazi. Hakumwambia mtu ila mimi. Alipomaliza alimleta amemfunga ndani ya kitenge, akamweka mezani mbele ya Somo, akarudi nyuma hatua kama mtu aliyewasha fataki. Alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, amevaa kigae kilichopasuka begani, na maji yakimtiririka mgongoni: uzi wa buluu, mamia ya nyuzi, kila mmoja umefungwa peke yake. Alimwita Binti Mvujo. Ni mvua inayoingia kwenye mapaa mabovu.

Somo alimshika. Alimgeuza. Aliutazama uso kwa muda mrefu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, Somo."

"Na kichwani mwako kalitia nani? Mwanachokaa kamenyeka kwa mvua. Huyu ndiye mvua yake. Umeota ndoto yangu, mwanangu, ukaamka ukasema yako."

Kisha akachukua mkasi, akaupitisha kwenye mshono wa ubavu, akaanza kumfumua. Hakufanya kwa hasira. Angefanya kwa hasira ingekuwa afadhali. Alifanya kama anavyofumua kazi yoyote iliyokwenda mrama, akitoa sufi kidogo kidogo na kuirudisha kwenye gunia, akizikunjakunja zile nyuzi za buluu ili zitumike tena. Pili alisimama pale mpaka mwisho. Somo alipomaliza, Pili alisema, "Ahsante, Somo," akachukua kitenge chake, akashuka ngazi. Hakurudi.

Nilitaka kusema neno. Somo aliliona usoni mwangu. "Atanishukuru," alisema, na akaniagiza nimletee uzi.

Haikupita muda mrefu, Malkia wa Mchwa akaanza kuonekana madukani. Wa kwanza aliletwa na yule yule mgeni wa picha ya gazeti, aliyemnunua duka la vinyago, naye kwa furaha akaomba Somo amtilie alama yake chini ya unyayo. Somo alimpokea, na mimi niliyekaa karibu naye niliona jinsi kidole gumba chake kilivyopita kwenye midomo ya yule mwanasesere, mara moja, mara ya pili. Ile midomo aliijua. Alikuwa ameitazama ikifanywa na Pili miaka yote mezani pake.

"Kazi nzuri," alisema kwa utulivu. "Si yangu."

Watu wakamchochea. Jirani wa chini alisema hilo ni shauri la kupeleka kwa sheha, mkubwa wa mtaa. Mpwa wake akasema aende mbali zaidi, kuna sheria. Somo alikwenda kwa sheha. Pili akaitwa kutoka Mwanakwerekwe, na mimi nikaitwa kama shahidi, kwa kuwa nguo za Malkia nilizishona mimi.

Tulikaa barazani kwa sheha baada ya sala ya alasiri. Juu ya mkeka kati yetu kulikuwa na Malkia wawili wamelazwa ubavu kwa ubavu. Sheha, mtu mwenye subira, aliniuliza yupi ni yupi. Niliutambua mshono wangu. Nikasema kweli: "Huyu ndiye wetu. Yule si wetu." Pili alinitazama bila ya chuki, akatikisa kichwa kuafiki. Alikuwa amekonda.

Somo akaomba aseme yeye. Aliinama, akamchukua yule wa Pili.

"Shikamoo, Somo," Pili alisema.

"Marahaba." Akamgeuza mwanasesere pande zote. "Mbona huyu hana masikio?"

Pili alionekana kutoelewa swali. "Kwa sababu wako hawana."

"Na wangu hawana kwa nini?"

"Sijui. Hukutwambia. Ulisema tutazame."

Sheha akatazama huku na huku, hajui mambo haya yanaingiaje katika shauri. Somo akasema kwa sauti ya chini, "Miaka yote ile kwangu. Kama ulitaka kufanya, kwa nini usifanye chako?"

Hapo Pili alilia. Si kilio cha kuomba huruma, machozi tu yalikuja, na sauti yake haikutetereka.

"Nlifanya changu, Somo. Nlipofanya changu ulikifumua. Ndo nkafanya chako."

Muuza kahawa alipita njiani akigonga vikombe vyake, akapotea kwenye kona. Mpwa wa Somo alifungua kinywa, na Somo akamzuia kwa mkono bila ya kumtazama. Alimlaza yule mwanasesere wa Pili juu ya mkeka, akamnyoosha joho lake, akalipanga bawa moja lililokunjika.

"Sheha," alisema, "nnaomba radhi kwa kukupotezea wakati. Sina shauri na mtu."

Akanyanyuka. Nilimshika mkono kwenye kidaraja cha kushukia barazani, maana nilimwona hakioni.

Watu husema angemwomba msamaha Pili siku ile ile. Labda. Lakini huyu alikuwa mtu aliyejua kurekebisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na alianza na yeye mwenyewe. Aliniuliza maswali mwezi mzima. Alitaka kujua Binti Mvujo alikuwa na macho ya namna gani, kwani yeye hakuyakumbuka. Alikumbuka mshono tu. Nilimweleza nilivyoweza. Alisikiliza, akasema, "Kumbe," na kuendelea na kazi. Siku nyingine alisema bila ya kuulizwa: "Mwalimu wangu mimi nlimwibia kila kitu. Namna ya kukaa, namna ya kukohoa. Naye akicheka tu." Hakupata kumtaja mwalimu huyo kabla wala baada ya hapo.

Malkia wa Mchwa hakumtengeneza tena. Wageni walimsihi, akakataa. Wakati huo Pili pia alikuwa ameacha, lakini Malkia hakuacha kuzaliwa. Wengine walimnakili Pili, na wengine wakawanakili hao, na kila mkono ulimwongezea lake. Mmoja akamtia masikio na hereni. Mwingine akampaka rangi ya dhahabu. Mwishowe wakaja wa plastiki, wamefungwa kwenye karatasi ya nailoni, wametoka ng'ambo, na joho lililochapwa maua. Nilimpitisha Somo sokoni siku moja tukawaona wamening'inizwa kwa shingo, kumi kumi. Nilitaka kumvuta tupite. Alisimama akawatazama kama unavyotazama maiti ya mtu usiyemjua, kwa heshima na bila ya machozi. Kisha akachagua ndizi, akapunguziwa bei, tukaondoka.

Mikono ilianza kumtetemeka. Mwanzo alisema ni kahawa, akaacha kahawa. Haikuwa kahawa. Ngazi za Kiponda zikawa mlima, na yule mpwa wake akamchukua akakae naye Bububu, si mbali na kwetu. Nikawa nampitia karibu kila wiki. Rafu zake zilikuja naye, tupu. Alizipanga ukutani hivyo hivyo.

Pili nilikuwa nikimwona Mwanakwerekwe nikienda kununua nyuzi. Alikuwa amefungua kibanda nyuma ya karakana ya baba yake. Tuliamkiana, akauliza, "Somo hajambo?" Nikajibu, "Hajambo." Hatukuwa na zaidi ya hayo, ingawa sote wawili tulikuwa tukichelewa kuagana.

Somo naye alikuwa haulizi. Mpaka mchana mmoja, nikimsugua vidole kwa mafuta ya nazi, alisema huku akitazama nje: "Yule mwenzako. Mbona haji?"

"Anaogopa, Somo."

Alikikunja kidole nilichokuwa nikikisugua.

"Mwambie nami naogopa," alisema.

Nikaenda kumwambia. Pili alikuwa amekaa juu ya kigoda, sindano mdomoni. Aliitoa, akaichomeka kwenye kanga yake, akauliza kama kesho ni mapema mno.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Somo alikuwa ukumbini juu ya mkeka, amevaa kanga mpya, maneno yake yanasomeka. Pili alivua viatu, akapiga magoti, akaubusu mkono wake.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Alhamdulillahi." Kisha, kama wakati ule tulipochelewa kazini: "Umekuja mikono mitupu?"

Pili alinitazama. Akafungua mkoba wake, akatoa mwanasesere. Mimi sikujua kwamba alikuwa naye. Alikuwa mtu wa ajabu mnene, mwili wake wa gunia, kichwa kama kitunguu, na mikono sita, na kila mkono umebeba kitu: mizani, kisu, fungu la mchicha, kikapu, samaki, bakora. Alimwita Mwenye Soko. Alipomgusa tu, mikono yote sita ikasogea, kila mmoja kwa njia yake, kama watu wanaobishana bei.

Somo alimpokea kwa mikono yake miwili. Ilikuwa ikitetemeka sana, na mikono ya yule mwanasesere ikatetemeka pamoja nayo. Alimgeuza. Alipapasa ubavu, akautafuta mshono, akaupata. Mimi nikatafuta kwa macho kama kuna mkasi karibu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, Somo."

Somo aliunyanyua mkono mmoja wa Mwenye Soko, akauachia. Ukashuka taratibu, ukasimama penyewe nusu ya njia. Akaunyanyua tena. Alisogeza uso karibu, akachungulia kwapani kwa yule mwanasesere, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikuwahi kukiona juu yake katika miaka yote niliyomjua. Alikuwa haelewi, na alikuwa anafurahi.

"Umeufunga vipi hata ukasimama?"

"Vifungo viwili vya shati, kimoja ndani kimoja nje. Uzi unapita mara nne, halafu…" Pili akasita. "Ni vigumu kueleza."

"Usieleze. Nionyeshe."

Nikaleta sindano, uzi na kipande cha marekani kutoka kasha la mpwa wake. Pili alimtilia Somo uzi kwenye sindano, maana mwenyewe hangeweza, kisha akatia na yake. Wakakaa magoti kwa magoti. Pili akachoma, akavuta, akazungusha, mkono wake ukienda kwa kasi ya mtu aliyezoea. Somo akachoma, akakosa, akachoma tena. Uzi ukamkwama. Pili akanyoosha mkono kumsaidia, na Somo akausukuma kando kwa upole.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Nnakuiga."